Andika Alichofanya Mnyama Kabla ya Kuandika Anachohisi

Katika daftari langu la kwanza la uchunguzi kuna mstari uliokatwa kwa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika: "Mbwa anaona aibu kwa sababu amemwaga chakula." Mwalimu aliyenisimamia wakati huo aliukata mstari huo, kisha akaandika pembeni swali moja tu: "Hiyo aibu uliiona wapi?" Nilikasirika, kwa maana niliamini nimeiona kwa macho yangu mawili. Kichwa kilikuwa kimeinama, masikio yamelazwa nyuma, mkia umefyatwa katikati ya miguu, na weupe wa macho ulionekana pembeni. Siku kadhaa zilipita kabla sijakubali kwamba nilichokiona ni hayo mambo manne, na kwamba la tano, yaani aibu, nililitia mwenyewe.

Yeyote anayetaka kujifunza tabia za wanyama, awe chuoni au awe anamchunguza tu mnyama anayeishi naye, ningemshauri aanzie hapo nilipokwama mimi. Simaanishi kwamba wanyama hawana hisia. Sidhani hivyo, na wachunguzi wengi ninaowaheshimu hawadhani hivyo. Tatizo ni kwamba jina la hisia likishaandikwa daftarini, kile kilichoonekana hupotea, na hakuna atakayeweza kurudi nyuma kukikagua. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio alilolifanya kwa mbwa 14 pamoja na wenye mbwa hao. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, akatoka chumbani, na aliporudi akaambiwa kama mbwa ametii au la, ingawa habari aliyopewa haikuwa ya kweli kila mara. Ule uso ambao watu huuita uso wa hatia ulijitokeza zaidi pale mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula. Niliposoma jaribio hilo nilikumbuka kwamba siku ile, kabla sijaandika chochote, nilikuwa nimepaza sauti yangu. Jambo hilo halikuwamo daftarini hata kidogo.

Kwa hiyo, siku za mwanzo zitumie kutengeneza orodha ya matendo, ambayo wataalamu huiita ethogramu, na kila tendo ulieleze kwa namna ambayo mtu asiyekujua angeweza kulitambua. "Anacheza" haitoshi, "ameinamisha kifua hadi karibu na ardhi huku sehemu ya nyuma ikiwa imeinuka" inatosha. Kisha itahini orodha hiyo kwa kumpa mwenzako, mtazame mkanda mmoja wa video kila mtu akiandika peke yake, na mlinganishe. Mimi na mwenzangu tulipofanya hivyo tulitofautiana karibu kila mara kwenye tendo nililokuwa nimeliita "kutishia". Yeye alilihesabu tangu mdomo wa juu ulipoinuka na meno kuonekana, ilhali mimi nilingoja hadi nisikie mngurumo. Hakuna aliyekosea kutazama. Maelezo yangu ndiyo yaliyokuwa legelege.

Jambo la pili lilinigharimu muda zaidi. Macho ya binadamu hukimbilia kinachosisimua, na mtu asiyejiwekea utaratibu huishia kuandika ugomvi, mbio na makelele. Niliwahi kutazama kundi la mbuzi kwa majuma mawili nikiandika kila lililonivutia, na nikahitimisha kwamba lile ni kundi la wagomvi. Nilipoanza upya, safari hii nikilipitisha jicho kundi zima kila baada ya dakika 5 na kuandika kila mbuzi anafanya nini kwa wakati ule, karibu kurasa zote zilijaa maneno "amelala" na "anacheua". Jeanne Altmann, mtafiti anayejulikana kwa kazi yake juu ya nyani, alilipanga vizuri suala hili katika makala ya mwaka 1974 ambayo bado husomwa na kila anayeingia katika fani hii. Alionyesha kwamba kila njia ya kutazama ina swali inaloweza kulijibu na swali ambalo itakupotosha. Kupitisha jicho kwa vipindi hufaa ukitaka kujua wanyama wanatumiaje muda wao, lakini tendo la sekunde 2, kama vile kupigana pembe mara moja, litakupita. Ukitaka kujua nani humwanza nani, mchague mnyama mmoja mapema, kwa ratiba, si kwa kuvutiwa naye, umfuate kwa dakika ulizopanga hata kama amesinzia wakati wote. Kuandika "amesinzia" kwa dakika 20 huku upande wa pili kuna vurumai ni mtihani wa uvumilivu, nami nimeushindwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Swali la "kwa nini" nalo lina mitego yake. Niko Tinbergen, mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi yao juu ya tabia za wanyama, aliligawa mwaka 1963 katika maswali manne: ni nini kinachochochea tendo kwa sasa, linakuaje katika maisha ya mnyama mmoja, linamsaidia nini kuishi na kuzaa, na lilitokana na nini katika historia ndefu ya aina hiyo ya mnyama. Watu wawili wanaobishana juu ya mnyama mmoja mara nyingi wanajibu maswali mawili tofauti.

Pale uchunguzi unapohusu wanyama pamoja na watu, mtazamaji mwenyewe anapaswa kuingia daftarini. Mfano unaojulikana sana ni ule wa farasi Hans wa Berlin, aliyesifika mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi huyo alishindwa pale muulizaji alipokuwa halijui jibu au alipofichwa asionekane. Alikuwa akisoma mitikisiko midogo ya kichwa na mwili ambayo waulizaji hawakujua kwamba wanaifanya. Huwa nasikitika hadithi hii inaposimuliwa kama kichekesho juu ya farasi mjinga, kwa sababu mnyama anayewasoma watu kwa kiwango hicho si mjinga hata kidogo. Huko Gombe nako, ambako Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe mwaka 1960, ndizi walizopewa ili wasogee karibu zilivuta makundi makubwa mahali pamoja na kuzidisha ugomvi, na utaratibu wa kuwalisha ikabidi upunguzwe.

Tangu hapo nimeligawa daftari langu. Ukurasa wa kulia ni wa mnyama. Wa kushoto ni wa watu: nani aliingia, alisimama upande gani, alishika nini, alisema kwa sauti gani, na mimi nilikuwa wapi. Ukurasa huo wa kushoto ndio ulioniokoa katika kituo kimoja cha kuhifadhi mbwa, nilipokuwa nikilinganisha wahudumu wawili. Mbwa mmoja wa kahawia alimkimbilia mhudumu wa kwanza kila alipotokea, na wa pili hakumjali, na kila mtu pale alikuwa na maelezo tayari: yule wa kwanza ana upendo. Niliposoma tena kurasa za kushoto, neno "funguo" lilijirudia kila siku. Mhudumu wa kwanza ndiye aliyebeba shada la funguo za stoo ya chakula, na zililia kiunoni alipotembea.

Nilibadilisha kitu kimoja tu, kwa kumkabidhi mhudumu wa pili zile funguo, bila kubadili saa wala mlango wa kuingilia. Siku ya kwanza mbwa alisimama katikati, akageuza kichwa huku na huku, kisha akaenda kwa aliyekuwa na funguo. Kufikia siku ya tatu hakusita tena. Ningeweza kuishia hapo na kutangaza kwamba upendo haukuwapo, na hilo lingekuwa kosa lilelile la aibu lililogeuzwa upande wa pili. Kwa hiyo tuliziweka funguo mezani, tukachagua saa za mchana zilizo mbali na mlo, na kila mhudumu akaketi peke yake kwa dakika 10 akitazama chini bila kumwita. Mbwa bado alikaa muda mrefu zaidi karibu na mhudumu wa kwanza, ingawa tofauti ilikuwa ndogo kuliko wote tulivyotarajia. Niliandika sekunde za kila mmoja, umbali, na upande alioegemea alipolala, na safu ya maelezo nikaiacha wazi.