Flashi ya Pembeni Ikigoma, Vitufe Viwili Vitakwambia Pa Kutazama

Wenzangu tunaopiga picha za harusi Unguja na Pemba, hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi kuliko jingine lolote: flashi ya kwenye stendi imewaka vizuri nyumbani, kufika ukumbini inawaka picha moja inaacha mbili. Wengi huilaumu triga, kile kifaa cha redio juu ya kamera kinachoiamrisha flashi iwake, wakaagiza nyingine. Kabla ya kutoa pesa, soma kwanza haya. Biharusi akishaingia ukumbini ameingia, hutomwambia arudi mlangoni.

Flashi ina kitufe chake cha kujaribia, na triga iliyo juu ya kamera ina chake. Bonyeza cha flashi kwanza. Isipowaka hapo, usihangaike na triga: tatizo ni betri, au flashi imepata moto ikajizuia yenyewe. Ikiwaka, nenda kwenye triga ubonyeze cha triga. Isipowaka sasa, mawasiliano ya redio ndiyo yamekatika, kwa hiyo tazama chaneli, namba ya utambulisho kama triga yako inayo, na kundi, yaani herufi ya flashi zinazoamrishwa pamoja, usije ukawa umeiweka flashi kundi B na kwenye triga B umeizima. Ikiwaka kwa vitufe vyote viwili lakini inagoma ukipiga picha, basi kasoro iko baina ya triga na kamera. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu ndipo wasipopatazama.

Baina ya triga na kamera kuna mambo mawili makubwa. Moja ni mpangilio: ukiwasha upigaji wa kimya, yaani shata (pazia la kamera) ya kielektroniki, kamera nyingi huzima flashi. Waliopiga nikaha msikitini asubuhi kwa kimya, wakaja ukumbini usiku bila ya kurudisha, hukutana na hili.

La pili ni chumvi, nalo nalisema kwa uchungu maana sisi tunaishi kisiwani. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haichagui. Inakaa kwenye kile kitako cha chuma juu ya kamera na kwenye vijipini chini ya triga. Kijipini kikubwa cha katikati ndicho kinachotoa amri ya kuwaka. Vile vidogo vinapeleka maelezo ya vipimo. Utando mwembamba tu, usioonekana kwa macho, unatosha kuifanya flashi iwake ukiikandamiza triga kwa kidole na igome ukiiachia. Ukiona dalili hiyo, umeshapata jibu. Zima kamera, toa betri, sugua polepole kwa raba safi ya kufutia penseli, pepeta vumbi la raba, kisha futa kwa pamba yenye spiriti kidogo sana na uache ikauke. Vile vijipini vidogo usivisugue kwa nguvu, vinapinda. Kisha sukuma triga mpaka mwisho na uifunge barabara. Mimi nafanya hivi kila nikirudi kupiga picha ufukweni, iwe Nungwi au Vumawimbi, hata kama hakuna kilichogoma. Msimu wa masika ongeza tahadhari: ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi ukaingia kwenye fukuto la nje, umande huganda juu ya chuma. Acha mkoba umefungwa kwanza mpaka vyombo vizoee joto.

Picha ikitoka na ukanda mweusi upande mmoja, flashi haikugoma. Umepita kasi ya shata ambayo kamera inaweza kwenda pamoja na flashi, na kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Shusha kasi, au washa mpangilio wa kasi ya juu ukijua kwamba utapoteza nguvu ya mwanga.

Betri sasa. Za kuchaji zimeandikwa volti 1.2, za kutupa 1.5, na watu hudhani kubwa ndiyo bora. Kwa flashi sivyo: za kuchaji hutoa umeme kwa haraka zaidi, hivyo flashi inarudi tayari mapema. Usichanganye nzee na mpya, na usizisahau zile za triga. Lakini dawa nzuri zaidi kwa flashi inayoruka picha ni kuipunguzia kazi. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kutoka 400 hadi 1600, flashi iliyokuwa inapiga nguvu kamili inaweza kushuka hadi robo kwa mwangaza uleule. Itawaka mara nyingi zaidi kabla ya kuishiwa, na haitopata moto. Kwenye ukumbi wenye joto la kaskazi na mafeni tu, hili ndilo linaloniokoa.

Kama unatumia flashi inayofuata mwanga wa nyingine bila ya redio, usiitegemee Forodhani jioni jua likiwa mbele yako. Jua linaizidi nguvu na haiuoni ule mwanga wa kuifuata. Ndani ya nyumba pia, flashi kuu ikiwa kwenye TTL, yaani inajipimia mwanga yenyewe, hutoa mmweko wa awali wa kupimia, nayo ya pili ikawaka mapema, kabla ya picha. Weka flashi kuu kwenye manuali, nguvu uipange mwenyewe.

Redio za triga nyingi hutumia 2.4 GHz, njia ileile ya Wi-Fi, Bluetooth na maiki nyingi za wapiga video. Ukifika, muulize mwenzako wa video na mpiga picha mwingine wanatumia chaneli gani, muachane mbali. Triga za Godox zina mpangilio wa umbali: ukiwa karibu sana na flashi, weka 0-30m badala ya 1-100m. Kwenye majumba ya Mji Mkongwe usiiache flashi chumba cha pili ukatarajia redio ipenye ukuta mnene wa mawe na chokaa. Isogeze mpaka mlango uwe wazi baina yenu. Na jaribio la ukumbi mtupu halitoshi, kwa sababu miili ya watu inameza mawimbi hayo. Wageni wakishakaa jaribu tena, na ikiruka, inua stendi mpaka flashi ipite juu ya vichwa vyao.