Mtoto anayegeuza uso hamkatai mlezi wake

Dada yangu, umeuliza kama mtoto wa miezi 18 unayemlea, ambaye mama yake alitumia dawa za kulevya akiwa mjamzito, anakukataa anapojikaza na kugeuza uso ukimbeba. Kwa ninavyoelewa, hakukatai. Baadhi ya watoto hawa huelemewa upesi na sauti, mwanga na miguso, na kugeuza uso huwapa nafasi ya kutulia. Kwa hiyo punguza sauti, subiri bila kumlazimisha, kisha mwitikie mara anapokutazama tena. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyechunguza malezi ya watoto wachanga nchini Uganda katika miaka ya 1950, aliona kuwa usikivu wa mlezi kwa ishara za mtoto huchangia sana uhusiano salama, yaani mtoto kumwamini mlezi wake kama kimbilio. Asibadilishiwe walezi ovyo, tafadhali, na akichelewa kuongea mpeleke kwa daktari wa watoto.