Usiweke PVB kati ya kioo na polikaboneti

Hebu iweke chini hiyo rola ya filamu kwanza. Umesema unatengeneza dirisha la duka la M-Pesa: kioo upande wa barabara, polikaboneti (ile plastiki angavu isiyovunjika kirahisi) upande wa ndani, katikati PVB, filamu ya plastiki ya kushikanisha vioo, iliyobaki kwenye karakana ya jirani, kisha vyote viingie oveni ya mikate. Umeuliza joto liwe digrii ngapi. Joto si tatizo lako. Tatizo lako ni PVB.

PVB inafaa kioo kwa kioo, na hapo haina mpinzani: inapashwa hadi kama digrii 140 chini ya shinikizo kubwa, na kioo kikivunjika vipande vinabaki vimeng'ang'ania. Lakini ulaini wake unatokana na mafuta yaliyochanganywa ndani, na mafuta hayo huishambulia polikaboneti. Ikiwa polikaboneti imebanwa au imevutwa mahali, hapo ndipo inapoanza kupasuka.

Dirisha la namna hiyo nililomfungia mteja Kariobangi, lenye PVB katikati, lilitoka safi, ukiangalia unaona barabara kama hakuna kitu mbele yako. Baadaye vikatokea vistari vyembamba kwenye matundu ya bolti, vya kuonekana tu jua likipiga kwa upande. Ukipitisha kucha husikii kitu, kwa sababu viko ndani, upande ulioshikana na filamu. Vikasambaa hadi pembe zote zikawa nyeupe. Kioo hakikuwa na kosa lolote, lakini huwezi kukibandua ukitumie tena. Nikanunua kioo kipya, polikaboneti mpya, filamu mpya, nikalipa pikapu, nikamlipa na askari wa kulinda duka usiku likiwa halina dirisha.

Aliyeniuzia ile filamu Industrial Area nilimwambia wazi naenda kubandika polikaboneti. Akanijibu, "Fundi, plastiki ni plastiki, joto litazishikanisha." Niliporudi akasema nimeichoma filamu kwa joto. Mtu anayekata filamu kwa mita na kuchukua pesa za mafundi kila siku ana wajibu wa kujua anachouza! Bado inaniuma.

Kati ya kioo na polikaboneti weka TPU, filamu ya plastiki ya aina nyingine. Ndiyo inayotumika hata kwenye vioo vya kuzuia risasi vyenye polikaboneti nyuma. Haina yale mafuta, tena inanyumbulika, na hilo unalihitaji sana: joto likipanda digrii 100, kioo cha mita moja hurefuka chini ya milimita 1, polikaboneti karibu milimita 7. Vikipoa kila kimoja kinarudi kwa kipimo chake, na filamu ndiyo inayobeba mvutano wote. Kwa hiyo viache vipoe polepole, vikiwa bado vimebanwa.

Kausha polikaboneti kabla ya kuipasha, la sivyo unyevu uliomo utatoa mapovu. Digrii fuata karatasi ya mtengenezaji wa filamu, mradi usikaribie 147, maana hapo polikaboneti yenyewe inalegea. Na uhakikishe ni polikaboneti kweli. Madukani kila plastiki angavu inaitwa "perspeksi", na akriliki, plastiki nyingine inayofanana nayo, huanza kulegea karibu digrii 105.

Ukienda kununua, taka kuona "TPU" imeandikwa kwenye rola yenyewe. Muuzaji akikwambia "hii ni ya lemineti tu, inashika kila kitu," mwachie filamu yake.