Ukitaka kuiona London kwa baiskeli, fuata maji

Siku yangu ya kwanza juu ya baiskeli jijini London niliitii ramani ya simu. Ilinionyesha njia fupi, nami nikaishika: barabara kuu, mabasi mekundu ya ghorofa mbili yakinipita karibu na bega, taa nyekundu kila nikishika kasi, macho yangu yote kwenye tairi la gari lililo mbele. Nilipita chini kabisa ya kanisa kuu la St Paul's na sikuliona. Jioni rafiki aliponiuliza nimeona nini, sikuwa na la kumjibu.

Nimerudi mara nyingi tangu hapo, kiangazi na baridi, na kila anayeniuliza nampa ushauri uleule: achana na njia fupi, tafuta maji. London ilikua kwa sababu ya mto Thames. Pale yalipo maji, ardhi huwa tambarare, magari huwa machache au hayapo kabisa, na mambo ya kale yamepangana ukingoni. Huhitaji mapafu ya mwanariadha. Unahitaji kengele inayolia vizuri, breki unazoziamini na siku isiyo na miadi.

Anza na Regent's Canal. Mfereji huu ulikamilika mwaka 1820, na una urefu wa karibu kilomita 14 kutoka Little Venice, jirani na stesheni ya Paddington, hadi Limehouse unapokutana na Thames. Njia ya ukingoni ilitengenezwa kwa ajili ya farasi waliokokota mashua za mizigo, ndiyo maana karibu yote ni bapa. Miteremko mifupi utaikuta tu kwenye milango ya maji inayopandisha na kushusha mashua. Kipande cha mwanzo, mpaka ulipite handaki fupi la Maida Hill, utakwenda kwa barabara ya juu. Usikate tamaa, ukishashuka ukingoni kelele za jiji zinabaki nyuma yako.

Ukifika kando ya Regent's Park, simama chini ya daraja la Macclesfield. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874 mashua iliyobeba baruti ililipuka papo hapo, ikaua watu watatu na kulisambaratisha daraja. Nguzo za chuma zilibaki nzima, basi mafundi wakazisimamisha tena, ila wakazigeuza. Zipapase kwa mkono. Upande mmoja utahisi mikwaruzo mirefu iliyochimbwa na kamba za farasi kabla ya mlipuko, na upande wa pili mikwaruzo ya miaka iliyofuata. Kamba tu, zikipita siku baada ya siku, zimekula chuma. Nimewapeleka wageni wengi pale, na kila mmoja hukaa kimya kidogo akishapapasa. Mbele kidogo, kwenye bustani ya wanyama, kuna kizimba kikubwa cha wavu juu ya mfereji. Zamani kilikuwa cha ndege; tangu 2022 ni makao ya mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe. Punguza mwendo, utawaona wakiruka juu ya kichwa chako bila kulipa kiingilio.

Camden hujaa watu mwishoni mwa juma. Shuka, sukuma, utapanda tena baadaye. Kisha baada ya King's Cross mfereji unaingia handaki la Islington, karibu mita 880, na humo hamna ukingo wa kupita. Zamani mabaharia wa mashua walilala chali wakasukuma kuta kwa nyayo hadi wakatokea upande wa pili, farasi nao wakapelekwa juu ya kilima wakawasubiri huko. Wewe utapita juu kama farasi. Mara ya kwanza nilipotea hapa nusu saa nzima, kwa hiyo shika hili: pandisha hadi mtaa wa soko wa Chapel Market, vuka barabara kuu ya Upper Street, kisha tafuta Duncan Street, nayo itakuteremsha hadi majini.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo la adabu, kwa sababu nimelijifunza kwa hofu. Njia hii kwanza ni ya watembea kwa miguu. Chini ya madaraja inakuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani vizuri, na kona haikuonyeshi aliye mbele. Siku moja niliingia chini ya daraja kwa kasi kidogo tu, si kasi ya kutisha, nikakutana uso kwa uso na bibi mzee na mbwa wake. Nilifunga breki, gurudumu la nyuma likateleza, nikasimama kwenye ncha ya maji. Bibi yule hakunifokea, alitetemeka tu, na kule kutetemeka kwake kuliniuma kuliko matusi. Tangu siku ile, kabla ya kila daraja napunguza mwendo na kupiga kengele mara mbili, halafu nasubiri. Anayekuja akiwepo, yeye hupita kwanza. Ukiwa na haraka, mfereji si mahali pako. Nenda kwenye njia za baiskeli za barabarani.

Upande wa mashariki njia inapumua. Utapita kando ya Victoria Park, iliyofunguliwa mwaka 1845 kwa ajili ya wakazi wa mitaa ya wafanyakazi waliokosa hewa safi, na hapo ndipo ninaposhauri ule chakula chako cha mchana ulichobeba. Ukifika Limehouse na bado una nguvu, zunguka rasi ya Isle of Dogs hadi bustani ya Island Gardens. Kutoka hapo kuna handaki la miguu la Greenwich, lililofunguliwa mwaka 1902 ili wafanyakazi wa upande wa kusini wafike gatini bila kutegemea feri. Lina urefu wa mita 370, linapita chini ya sakafu ya mto, na kuendesha humo ni marufuku. Sukuma baiskeli yako hata kama wengine wanakupita wamepanda. Lifti zikiwa mbovu kuna ngazi za mzunguko, karibu mia moja, kwa hiyo mwenye baiskeli nzito ajipime. Ukitoka upande wa pili unaikuta meli ya Cutty Sark, iliyoshushwa majini mwaka 1869.

Neno moja kwa wenye kukodi. Baiskeli za umma za jiji, zilizoanza mwaka 2010 na leo zinaitwa Santander Cycles, ni imara na tulivu, zinafaa sana katikati ya mji. Lakini vituo vyake havifiki Greenwich wala Richmond. Irudishe kabla ya handaki uvuke kwa miguu, au ukodi dukani kwa siku nzima. Mimi huchagua duka, kwa sababu kukodi kwa nusu saa nusu saa humfanya mtu aangalie saa badala ya kuangalia mto.

Sasa upande wa magharibi, njia ninayoipenda kuliko zote: ukingo wa kusini wa Thames kutoka Putney hadi Richmond, kama kilomita 13. Ni changarawe na udongo, miti imeinama juu yako, na kuna mahali ambapo hungeamini uko ndani ya jiji la watu zaidi ya milioni nane. Tairi pana kidogo zitakusaidia. Utapita chini ya daraja la Hammersmith la mwaka 1887, ambalo magari yamezuiwa kulivuka tangu Aprili 2019, na watu wa miguu na baiskeli wanapita. Baadaye utaandamana na ukuta wa bustani ya mimea ya Kew, mto upande wako wa kulia.

Hapa lazima ujue habari za maji kujaa na kupwa. Thames ni mto wa bahari mpaka Teddington, juu zaidi ya Richmond, na katikati ya jiji tofauti ya maji hufika mita saba. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mto hupanda ukafunika njia. Pale Putney magari yaliyoegeshwa ukingoni huingiwa na maji. Mimi nilikutwa karibu na Kew. Niliona njia inang'aa mbele, nikadhani ni dimbwi la mvua, nikaingia. Hatua kumi mbele maji yalikuwa kwenye pedali na sikujua tena ukingo uko wapi na mto unaanzia wapi. Nilirudi nyuma kwa kupapasa ardhi na mguu, nikakaa juu ya mzizi wa mti karibu saa nzima hadi maji yakaanza kupwa. Kwa hiyo, kabla ya kutoka, angalia majira ya maji yanayochapishwa na mamlaka ya bandari ya London. Ukiona bamvua limeangukia mchana, ahirisha au uanze mapema asubuhi. Na maji yakikutangulia, usijaribu kuyavuka.

Mwenye pumzi anaweza kupandisha kilima cha Richmond. Ni kikali, sioni aibu kukisukuma. Mandhari ya mto kutoka juu yanalindwa na sheria ya bunge ya mwaka 1902, na ukigeuka nyuma utaelewa kwa nini. Halafu Richmond Park: Mfalme Charles wa Kwanza aliizungushia ukuta mwaka 1637 apate kuwinda, na watu wakaendelea kuipigania njia yao hadi mwenye kiwanda cha pombe aitwaye John Lewis aliposhinda kesi mwaka 1758. Ndani yake kuna kulungu wapatao 630 na njia ya kuzunguka ya kama kilomita 12 iitwayo Tamsin Trail. Kaa mita 50 kutoka kwa kulungu, hasa majira ya vuli madume wanapogombana. Kurudi mjini, panda treni ya District kutoka Richmond. Baiskeli inaruhusiwa, ila siku za kazi epuka kati ya saa 1:30 na 3:30 asubuhi, na kati ya saa 10 na saa 1 jioni.

Imebaki kazi ya Jumapili. Siku hiyo City, kitovu cha kale cha jiji, huwa tupu kwa kuwa wafanyakazi wa mabenki wako nyumbani. Ukitoka mapema utaendesha katikati ya makanisa yaliyojengwa upya na msanifu majengo Christopher Wren baada ya moto wa 1666, ukisikia mnyororo wako mwenyewe. Ingia ua wa St Dunstan-in-the-East, kanisa lililopigwa mabomu vitani mwaka 1941 na sasa ni bustani, mitambaazi ikipenya madirishani. Kisha shika njia ya baiskeli ya ukingoni, iliyotenganishwa na magari tangu 2016, uelekee Westminster. Unapoendesha ni juu ya ardhi iliyoporwa mto na mhandisi Joseph Bazalgette, aliyefukia ukingo ili apitishe mabomba ya majitaka. Barabara ilifunguliwa mwaka 1870. Ushahidi uko bustanini karibu na stesheni ya Embankment: lango la mawe la York, ambalo mashua zilikuwa zikifunga ngazini pake, leo limesimama nchi kavu zaidi ya mita mia kutoka majini.

Ukirudi hadi daraja la Blackfriars, kata kushoto uifuate njia ya baiskeli ya Farringdon. Chini ya lami hiyo unapita mto Fleet, uliofunikwa na kugeuzwa mfereji wa majitaka. Katika Ray Street, Clerkenwell, mbele ya baa iitwayo The Coach, kuna wavu wa chuma ardhini. Laza baiskeli, tega sikio. Nenda kabla ya magari kuamka, baada ya usiku wa mvua, maana ndipo mto unaposikika vizuri zaidi.