Wadogo wapya wa kundi la anga Lubumbashi, rudieni mipango yenu ya mizigo

Mazoezi yenu ya kupanga mizigo ya kituo cha anga nimeyasoma yote. Makosa ni yale yale ya waliowatangulia, na mnaweza kuyaacha wiki hii.

1. Saa. Kituo cha anga cha kimataifa kinafuata UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, nasi Lubumbashi tuko mbele kwa saa 2. Andikeni UTC kila mstari.

2. Kinachorudi. Damu iliyogandishwa haipakiwi kwenye vyombo vya mizigo vya Cygnus wala Progress, maana hizo huungua angani pamoja na takataka. Pakieni Dragon, inayoshuka baharini.

3. Mlango. Hapa tulieni kabisa. Tarehe 25 Juni 1997, kwenye Mir, kituo cha anga cha Warusi, kamanda Vasily Tsibliyev aliongoza Progress M-34 kwa mkono, macho kwenye skrini. Rada ya kusogezea vyombo, Kurs, ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hakuwa na kipimo cha umbali wala cha kasi. Mwenzake Lazutkin alichungulia madirishani asione kitu. Alipokiona chombo, breki zilikuwa zimechelewa: tani kadhaa hazisimami ghafla. Kikagonga Spektr, moja ya moduli (vyumba) za kituo, hewa ikaanza kuvuja. Dawa ilikuwa kufunga Spektr, lakini mlangoni zilipita kebo. Ikabidi Lazutkin azichomoe, nyingine azikate, ndipo yeye na Mmarekani Michael Foale wakaweka kifuniko. Kwa kuwa kebo hizo zilileta umeme wa paneli za Spektr, kituo kikabaki gizani. Watu wote watatu walipona. Sasa tazameni michoro yenu: mabegi yamerundikwa mlangoni, kebo hazina viunganishi vya kuchomoa haraka. Hilo silipitishi hata kidogo!

4. Njia moja haitoshi. Cygnus ililipuka Oktoba 2014, Progress M-27M ikapotea Aprili 2015, Dragon ikavunjika Juni. Kituo cha kimataifa kiliishi kwa akiba, hadi Progress nyingine ikafika Julai na Kounotori, chombo cha mizigo cha Wajapani, Agosti. Malori yakikwama mpakani Kasumbalesa mnajua bei ya unga inavyopanda. Huko juu hakuna soko la pili, kwa hiyo kila mpango uonyeshe akiba ya miezi na chombo cha mshirika mwingine. Vipuri pia. Dragon ile ilibeba adapta ya kuunganishia vyombo. Ya kuijazia nafasi iliundwa kwa vipuri, ikapelekwa 2019. Kwenye orodha zenu, safu ya vipuri iko tupu. Ijazeni kwanza.