Re: Mradi wa picha za mafundi cherehani, nianzie wapi?
Mkuu umeuliza uanzie wapi na hao mafundi cherehani wa Kariakoo na kama ununue lenzi mpya kwanza. Lenzi achana nayo, hiyo 50mm f/1.8 uliyonayo inatosha kabisa, hela weka kwenye kuprinti. Kariakoo nzima huiwezi, chagua mtaa mmoja, nenda bila kamera, piga stori, hata suruali peleka ikapunguzwe, wakikuzoea ndo unaomba, na useme ukweli picha zinaenda wapi, mtu akikataa kuwekwa insta usilete ubishi.

Sasa mwanga. Dar saa sita mchana jua liko utosini, macho yote yanakuwa mashimo meusi, kwahiyo piga kabla ya saa tatu asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni, ikishindikana mkalishe barazani kwenye kivuli ageukie barabarani. Bakgraundi isikuumize kichwa, Seydou Keïta, yule mpiga picha wa Mali, kule Bamako alikuwa anatundika kitambaa tu uani, mwanga wa jua basi, we vitenge si viko hapohapo kwa fundi?

Halafu kila mtu mpelekee kopi yake aisee, wengi wameshaahidiwa na wapiga picha wakaishia kusubiri, ndo maana wanatukunjia sura.