Cotswolds kwa miguu: kwa anayekwenda kumtembelea rafiki Uingereza

Mwenyeji mwenye gari akikuzungusha Cotswolds, eneo la vilima na vijiji magharibi ya London, ratiba huwa ni ileile: vijiji vitano au sita kwa siku, dakika ishirini kila kimoja, na nusu ya siku inaishia kwenye kutafuta maegesho. Mwombe abadilishe. Eneo hili la kilomita za mraba 2,038 halionekani vizuri ukiwa garini, kwa sababu barabara zake nyingi ni nyembamba na zimezibwa na kuta za mawe na ua mrefu wa miti. Chagueni bonde moja mtembee.

Kwa anayefika mara ya kwanza tunapendekeza vijiji vya Bourton-on-the-Water, Lower Slaughter na Upper Slaughter. Kutoka London, panda treni Paddington hadi Moreton-in-Marsh, kama saa moja na dakika arobaini, kisha basi namba 801 hadi Bourton. Mkiwa watu watatu hadi tisa, ulizieni nauli ya kikundi ya GroupSave: inapunguza karibu theluthi moja nje ya saa za msongamano. Jumapili epukeni basi, maana huwa ni machache au hayapo kabisa.

Ukipewa usukani wa gari la rafiki, upande wa kushoto hautakusumbua. Kinachosumbua ni bima. Bima ya huko humlinda dereva aliyeandikwa, kwa hiyo bila jina lako huruhusiwi kuendesha hata kwenda dukani. Na ile alama ya duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari inaruhusu hadi maili 60 kwa saa kwenye barabara ya njia moja kila upande, lakini kwenye kona za vijijini nusu ya hapo tayari ni mbio. Mkikutana na gari pasipo nafasi ya kupishana, aliye karibu na sehemu pana ndiye anayerudi nyuma.

Sasa njia zenyewe. Njia ya miguu ya umma ni haki ya kisheria ya kupita, hata ikikatiza shamba la mtu. Hapa ndipo wageni wengi kutoka kwetu wanaposita: kupita katikati ya ngano ya mwenyewe kunaonekana utovu wa adabu, basi wanazunguka pembeni, na huko ndiko wasikoruhusiwa. Mkulima akishalima juu ya njia anatakiwa airudishe ndani ya siku 14, ikiwa na upana usiopungua mita moja. Piteni katikati, mmoja nyuma ya mwingine. Mshale wa njano kwenye nguzo ni wa waenda kwa miguu tu. Wa bluu unaruhusu farasi na baiskeli pia. Ramani ya karatasi ya kununua ni Ordnance Survey Explorer OL45, ambayo sentimita 4 ni kilomita moja na njia ni vistari vya kijani. Kila ukuta wa shamba umechorwa, hivyo ukipotea unahesabu kuta ulizovuka. Simu mabondeni hupoteza mtandao, kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado nyumbani.

Lango utakalokutana nalo sana limewekwa ndani ya kizimba kidogo chenye umbo la nusu duara. Lisukume, ingia kwenye kona ya kizimba, lirudishe lipite mbele ya tumbo lako, kisha toka upande wa pili. Mwenye begi kubwa hunasa, livue kwanza. Pengine badala ya lango kuna ngazi ya mbao ya kuvukia ua, na ikilowa huteleza kama sabuni: shuka kinyumenyume, ukiwa umeshika nguzo. Lango la kawaida liache ulivyolikuta. Lililokuwa wazi huenda ndilo mifugo inapopitia kwenda kunywa maji.

Ng'ombe wasidharauliwe. Ndama wakubwa huja mbio kukutazama, na hao huwa ni wadadisi tu. Wa kuogopwa ni mama mwenye mtoto. Usipite kati yao, usikimbie, zunguka mbali. Ukiwa na mbwa wa mwenyeji mfunge kamba fupi, ila ng'ombe wakikufuata mwachie mbwa: wanamtaka yeye.

Bourton penyewe, pamoja na madaraja yake mafupi juu ya mto Windrush, hujaa watu kuanzia saa tano asubuhi. Ondokeni mapema. Lower Slaughter iko kama kilomita 2, na Upper Slaughter kilomita moja na nusu mbele yake. Kwenda na kurudi ni saa mbili na nusu za mwendo wa taratibu. Jina Slaughter halihusiani na kuchinja. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba linatokana na neno la kale la mahali penye matope, na kuanzia Oktoba hadi Aprili utaamini. Upper Slaughter ni miongoni mwa vijiji vichache ambavyo wote waliokwenda vita vyote viwili vya dunia walirudi hai.

Chakula cha mchana kwenye baa za vijijini kwa kawaida ni saa sita hadi saa nane. Ukichelewa, jiko limefungwa hadi jioni. Asiyekunywa pombe wala kula nyama isiyo halali aulize mambo mawili kabla ya kuagiza samaki na chipsi: mafuta ni ya mimea au ya ng'ombe, na unga unaopakwa samaki umekorogwa kwa bia? Mara nyingi ndivyo ulivyo. Kwa swala, kibla ni kusini-mashariki.

Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Desemba saa kumi jioni giza linaingia, hivyo anzeni kugeuza saa nane.

Mkirudi, buti zibaki nje ya mlango wa mwenyeji; kwenye gari lake ziwe zimeingia mfuko wa plastiki. Zijaze karatasi za gazeti usiku, ubadilishe zikilowa. Usiziweke juu ya hita: ngozi hukakamaa na soli huachia.